Kata Isiyohesabu Watoto

Katika kata nzima ya Nzogole hapakuwa na mtu aliyejua kuiuliza Kumbu kumshinda Sechelela binti Mazoya. Mtu huyo hakuwa amezaliwa. Basi na tuseme kweli yote: waliosomea kazi hiyo walikuwa wawili tu, na yule wa pili, mzee Chedego, alikwishatoroka na mke wa dereva wa lori la maji, kwa hiyo shindano lenyewe halikuwa na jasho.

Kumbu ilikuwa kifungo cheusi, kidogo kama punje ya kunde. Kila mtu alivaa cha kwake, wanaume kwenye kola, wanawake kwenye ukingo wa kanga. Ukisema, "Kumbu, weka," inaweka. Mbuzi kazaa, jirani kaazima sufuria, daktari kakataza chumvi, yote inaandika, kila jambo mahali pake. Haifuti. Ukisema jipya, jipya linakaa juu ya la zamani kama kanga juu ya kanga. Na chini ya kila andiko inahifadhi sauti zilizolizaa, ili siku ya ubishi zisikilizwe. Lakini nani ana subira ya kusikiliza sauti? Watu wanataka jibu. Kazi ya Sechelela ilikuwa kukaa ofisi ya kata, mbele ya kioo kipana, na kuziuliza Kumbu zote kwa mpigo mmoja: nani ana zaidi ya hiki, nani ana pungufu ya kile, nani wako sawa.

Asubuhi hiyo aliuliza swali ambalo watu walikuwa wakilisubiri tangu jua lilipoanza kuua. Keshokutwa malori ya baridi yangefika kuchukua watu wa kwenda Makazi ya Mlimani, nyumba zilizochimbwa ndani ya mwamba, ambako walisema mtu analala mchana na shuka likamtosha kwa shida. Huku tambarare honi ya joto ilikuwa inalia kabla hata uji haujapoa, na ikilia, anayebaki nje anaokotwa maiti. Nafasi zilikuwa arobaini tu. Agizo lilisema: wenye watoto wengi watangulie.

Akaandika: watoto >= 5. Ile alama mwalimu wao aliwafundisha kwamba ni mdomo wa kifaranga, daima unaachama upande wenye chakula kingi. Na ule mstari chini yake maana yake hata chakula kikilingana, kifaranga hasusi. Akaongeza: panga kuanzia mkubwa. Akabonyeza, akajinyoosha kama mtu aliyemaliza kulima.

Majina yakashuka. La kwanza na la pili alikuwa hayajui vizuri. La tatu lilimfanya akae wima.

Chilewa Mgongolwa.

Mzee Chilewa alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe. Hakuoa, hakuzaa, hata paka aliyemfuga alikuwa dume. Sechelela akafungua maandiko yake. Mahali pa watoto, Kumbu ilikuwa imeandika neno moja: tele.

Akacheka peke yake. Kisha kicheko kikapungua. Akabadilisha swali: watoto > 100. Chilewa hakutikisika. Akaandika elfu moja. Yupo. Akaandika milioni moja, na mzee Chilewa, ambaye hata mtoto wa kumtuma sigara alimwazima kwa jirani, alikuwa na watoto zaidi ya milioni moja, yeye na wale wawili walio juu yake, ambao wote wawili walijibu "wapo tu", na wengine walioijibu mashine "Mungu anajua" au "kama mchanga".

Hapo ndipo alipoelewa. Kumbu ilipangwa na watu wa mbali, na watu wale walipoitengeneza waliona lazima kila kitu kilinganishike na kila kitu, hata visivyolingana. Kwa hiyo waliweka ngazi. Chini kabisa wamekaa walionyamaza. Juu yao namba. Juu ya namba tarehe. Na juu ya vyote, maneno. Ukiuliza ni kipi kikubwa, tisini au "tele", Kumbu haishangai wala haiulizi unamaanisha nini. Inatazama ngazi. Neno lolote, hata la mlevi, linaipita namba yoyote. Na maneno kwa maneno yanapangwa kwa herufi: tele juu ya Mungu, wapo juu ya tele.

Akageuza kifaranga akaachama upande wa pili. Watoto < 0. Nani katika kata hii ana watoto pungufu ya hata sifuri?

Kioo kikajaa. Karibu nusu ya Nzogole. Na katikati yao, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Nyemo, mke wa marehemu Chitema, aliyekuwa na watoto sita, wa mwisho akiwa bado mgongoni.

Maana Nzogole mtu hahesabu watoto. Wala ng'ombe hahesabu, lakini kwa ng'ombe unaweza kusamehewa. Anayetaja watoto wake kwa hesabu anaionyesha mauti wapo wangapi na yupi wa kubebwa bila pengo lake kuonekana. Ukiulizwa, unasema wapo, au unatazama pembeni, au unanyamaza kabisa, na Nyemo alikuwa wa kunyamaza. Waliotaja namba walikuwa walimu, wauguzi na wahamiaji.

Mzee Chedego, pamoja na tabia zake, alilijua hilo. Hakuuliza watoto hata siku moja. Alivaa kofia yake ya ukili, akapita mlango kwa mlango, akauliza, "Humu mnapakua bakuli ngapi?" Bakuli hazifi. Bakuli mtu anazitaja bila hofu. Sechelela aliporithi ofisi aliona kutembea juani kwa ajili ya bakuli ni ushamba. Alituma swali jipya kwenye vifungo vyote kwa siku moja: una watoto wangapi? Akaandikiwa barua ya pongezi na wilaya. Ilikuwa bado imebandikwa ukutani, imepauka.

Akaichukua kofia ya Chedego iliyoachwa msumarini. Leo na kesho zingetosha. Angepita asubuhi kabla ya honi na alasiri baada ya honi, angeuliza bakuli, angeandika upya. Alifika hadi mlangoni na kofia kichwani.

Kisha akarudi, akauliza jambo moja dogo, la mwisho. Akaandika jina la mama yake.

Loisi Mazoya. Watoto: 1.

Mama yake alizaa wanne. Watatu walikuwa makaburini, kilimani kwa Wamisionari, na hakuna anayewahesabu wa kule. Aliyebaki ni Sechelela. Mama hakuogopa tena kuhesabu. "Mmoja hahesabiwi," alizoea kusema, "mmoja anaonekana." Kwa namba, mama hapati nafasi. Kwa bakuli, mbili, hapati nafasi. Na daktari wa zahanati alikwisha kusema, akitazama dirishani ili asimtazame Sechelela, kwamba moyo ule hautavuka Oktoba nyingine ya tambarare.

Akavua kofia.

Mlango ukagongwa na papo hapo ukafunguliwa, maana Nyemo hakujua kugonga na kusubiri.

"Mbukwa, Seche."

"Mbukwa, dada."

Nyemo akaketi kwenye benchi, akamgeuzia mtoto kifuani. Alikuwa mwembamba wa kupitiliza, lakini alicheka kama mtu mnene. Kwenye kikapu alikuwa na fungu la mlenda mkavu limefungwa kwa karatasi.

"Huo wa mama. Mwambie asiutie magadi mengi, tumbo lake nalijua." Akapangusa shingo. "Sasa niambie. Sikuja kuuliza mimi, mimi sina haraka. Yule binti yangu Mwaja ndiye ameniuma sikio. Juzi alianguka tena. Macho juu, povu, akakakamaa kama ukuni. Nikammwagia maji ya kunywa yote tuliyokuwa nayo. Basi leo tumekunywa kicheko."

"Pole."

"Ya nini pole, si umeshauliza? Kijiji kizima kinajua leo unauliza." Akakitazama kioo kwa mashaka, kama mtu anayetazama mbwa wa mwenyeji. "Mimi nimo?"

Sechelela alikizima kioo kwa kiganja. "Bado haijamaliza."

"Inahesabu polepole kama shemeji yako alivyokuwa akilima."

"Dada, kile kifungo kilipokuuliza watoto, ulisema nini?"

Nyemo akamtazama kama aliyeambiwa jambo la aibu mbele za watu. "Nilisema nini? Nilinyamaza. Wewe ungesema?" Akampigapiga mtoto mgongoni. "Kinawaona. Wanakichezea kutwa nzima. Kama kina akili hizo mnazosema, kitazame chenyewe."

Neno lilikuwa moja tu, na Sechelela alikuwa nalo mdomoni. Sema wapo. Sema sasa hivi, hapo ulipo, "Kumbu, weka, watoto wapo," na wewe na wanao, saba wote, mnapanda lori. Halikugharimu kitu. Lakini arobaini ni arobaini. Saba wakiingia, wa chini wanadondoka, na Sechelela alikuwa tayari ameanza kuona, kati ya hao arobaini, mama yake amekaa. Tena Nyemo hana siri. Akilijua hili, kabla ya honi kata nzima itakuwa na watoto "wapo", na neno lililojaa kila mdomo halimpandishi mtu yeyote.

"Nitauliza vizuri," akasema.

"Uliza vizuri, mdogo wangu." Nyemo akasimama, akajifunga mtoto. Mlangoni akageuka. "Yule Chedego angekuwapo angeniuliza bakuli. Alikuwa mwizi wa wake za watu, lakini adabu alikuwa nayo."

*

Bibi Loisi alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya chumba, mbali na kuta, maana kuta zilikuwa zinatoa joto jioni kama mkate. Kanga aliilowesha, akajitanda kichwani. Kifungo chake alikuwa amekiinua karibu na sikio.

Sechelela alijua anachofanya. Alikifanya kila siku. Mama hakujua alama hata moja, wala kifaranga wala mstari. Alijua maneno machache tu ya kuiambia Kumbu, na aliyajua kama mtu anavyojua njia ya kisimani.

"Kumbu, Yoeli."

"Yoeli Mazoya," ikasema Kumbu. "Amefariki."

"Kabla ya hapo."

"Yoeli Mazoya. Amelazwa."

"Kabla ya hapo."

Ikarudi nyuma, andiko chini ya andiko, mpaka mama aliposema, "Sauti," na ikatoka sauti ya kijana anayelalamika kwamba mboga ina chumvi, na mama yake akijibu kwamba akaoe. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kana kwamba chumvi ile bado inamuudhi, akakiachia kifungo.

"Umerudi mapema," akasema. "Hizo nyayo zako nzito zina jambo."

Sechelela akaweka mlenda mezani. Akakaa chini, miguu mbele, kama alivyokaa alipokuwa mdogo.

"Mama, nataka ujibu upya lile swali. La watoto."

"Nilijibu. Mmoja. Huyu hapa, anapenda kunisumbua."

"Sema wapo."

Nje watoto wa Nyemo walikuwa wanagombania ndoo.

"Wapo wapi?"

"Si lazima wawe mahali. Ni neno tu. Sema neno lolote, Mama, ila hilo ndilo zuri zaidi. Maneno yanazipita namba zote, mashine ndivyo ilivyo. Ukisema wapo, keshokutwa tunapanda, mimi na wewe. Msaidizi mmoja anaruhusiwa."

"Na asiyesema?"

"Anasubiri zamu nyingine."

"Iko, zamu nyingine?"

Sechelela akachezea ukili wa mkeka. Katika barua ya wilaya hapakuwa na zamu nyingine. Palikuwa na neno "ikibidi".

"Iko," akasema.

Mama akamtazama. Alikuwa na macho ya kijivu kwenye kingo, na mara nyingi hukuweza kujua yanaona nini. "Nyemo kasema wapo?"

"Nyemo mambo yake yako sawa."

"Sikuuliza hivyo."

"Mama, moyo wako hautafika Novemba. Nimeshazika watatu na wewe. Sitaki kuzika wa nne peke yangu. Sema hilo neno tule."

Hilo ndilo lilikuwa neno la kweli pekee alilosema siku ile, na ndilo lililomshinda mama yake. Bibi Loisi akakiinua kifungo. Sauti haikutetemeka.

"Kumbu, weka. Watoto wapo." Halafu, kwa sauti ya chini, si kwa Kumbu tena, akawataja: "Yoeli, Damari, Mikali." Akamtazama aliyebaki, akamalizia kwa kidevu, bila kumtaja.

Kumbu ikalia kidogo, kama chura mchanga. Imeweka.

Hawakula. Mlenda ulikaa mezani na karatasi yake.

*

Malori ya baridi yalifika alfajiri ya keshokutwa, meupe, yakivuja maji chini, na kuku wote wa Nzogole wakakimbilia kule kunywa. Afisa Uhamisho aliitwa Kitundu, mtu mfupi aliyevaa koti, maana ndani ya lori lake palikuwa na baridi ya koti. Alisoma majina kwa spika. Kila jina lilipotoka, watu waligeuka kumtazama mwenye jina, na kila walipogeuka minong'ono iliongezeka.

Walipanda wale wawili wa juu. Alipanda Bibi Loisi, akisukumwa kwa kiti na Sechelela, akawekwa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango. Kisha likasomwa la Chilewa.

"Chilewa?" sauti ya mwanamke ikauliza. "Chilewa huyu?"

"Yuko mwingine?" Chilewa mwenyewe akauliza, amebeba godoro.

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa na mchanga ndani. Mzee akashusha godoro, akajikuna. "Sikilizeni. Niliulizwa na kifungo nina watoto wangapi. Nikakitania. Nikasema tele. Nilidhani kitu kinachojua mambo yote hivyo kinajua na utani."

"Basi shuka, baba," akasema Nyemo. Alikuwa mbele kabisa, Mwaja amemlalia begani, miguu mirefu ya binti wa miaka minane ikining'inia. Wanawe wengine walimzunguka wakishika kanga yake. "Mpishe mwenye nao."

"Nikishuka atapanda nani? Muulize afisa."

Afisa Kitundu akasema kwamba nafasi iliyokataliwa inarudi wilayani. "Jibu la Kumbu ni jibu," akasema, bila ubaya, kama mtu anayetaja bei ya nauli.

"Mnasikia," akasema Chilewa. Akalichukua godoro lake, akapanda. Hakumtazama mtu.

Nyemo hakuondoka. Alimkabidhi mtoto wa mgongoni kwa binti yake mkubwa, akasogea mpaka kwenye meza ya afisa. "Mimi sikusoma," akasema. "Nieleze taratibu. Yeye hana hata mmoja, amepita. Mimi," akasita, akapeleka mkono nyuma yake, kwenye vichwa vile, bila kuvihesabu, "mimi hawa. Nimekuwa chini ya asiye nao. Mashine yenu inatumia macho gani?"

Afisa alifungua kioo chake kidogo. Alikuwa mtu wa haki, kwa kadiri mtu mwenye malori yanayosubiri anavyoweza kuwa. Akasoma, akakunja uso, akasoma tena.

"Huyu ameandikwa neno," akasema. "Wewe hujaandikwa kitu." Akamwita Sechelela kwa kidole. "Mwulizaji. Maneno na namba vimechanganywa hapa. Uliliona hili?"

Sechelela alikuwa amesimama kwenye ngazi ya lori, mguu mmoja juu, mmoja chini.

"Swali langu lina maana," afisa akaendelea, sasa kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Kama mashine imekosea yenyewe, sheria inasema jibu linasimama, maana hatuwezi kubishana na kila mashine. Lakini kama mwulizaji alijua swali lake lina kasoro akaliacha, basi jibu ni batili. Tunashusha wote, tunauliza upya hapa hapa, kwa mdomo, mtu mbele ya mtu. Nina saa moja kabla ya honi. Ulijua?"

Kila uso ukamgeukia. Wa Nyemo ulikuwa wa mwisho kugeuka, na haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa na imani, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa anamsubiri mdogo wake aseme, kama mtu anayesubiri kuletewa maji.

Saa moja ilitosha kabisa. Bakuli ngapi, bakuli ngapi, bakuli ngapi. Nyemo angetaja saba bila kupepesa, akapanda, Mwaja akalazwa kwenye ubaridi. Na Bibi Loisi angeshushwa kwa kiti chake, akarudishwa katikati ya chumba, mbali na kuta, kungoja Oktoba.

"Sikujua," akasema Sechelela.

"Hukujua."

"Ningejuaje? Nimeona leo, pamoja na nyinyi. Maneno kuzipita namba, hilo si jambo la kufikirika." Sauti yake ilikuwa imara kiasi cha kumshangaza mwenyewe. "Kila mtu alijibu kwa mdomo wake. Sikumwambia mtu aseme nini."

"Na mama yako?" Nyemo akauliza taratibu. "Mama alisema nini? Mimi nilikuwapo siku kifungo kilipouliza, tulikuwa tunachambua mtama. Alisema mmoja. Nilimkemea, akanicheka."

"Alibadili mwenyewe. Mtu mzima, ana watoto wake kilimani, akawakumbuka. Nimkataze?"

Minong'ono ikatulia. Hilo lilikuwa jambo la kuheshimiwa, na watu wa Nzogole wanawaheshimu walio kilimani. Nyemo akainamisha kichwa. "Nisamehe, mdogo wangu," akasema. "Nimeongea vibaya." Akamweka Mwaja vizuri begani, akaanza kugeuka.

Afisa akafunga kioo. "Basi jibu linasimama. Pandisheni mizigo."

Ndipo kutoka ndani ya lori, kutoka kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, ikasikika sauti ya Bibi Loisi. Haikuwa kubwa. Ilikuwa ile sauti ya kila siku, ya mtu anayerudi kisimani kwa njia anayoijua.

"Kumbu. Watoto."

"Wapo," ikasema Kumbu.

Sechelela akageuka. "Mama, pumzika."

Bibi Loisi hakumtazama. Alikuwa amekiinua kifungo mbali na sikio safari hii, amekielekeza nje, kwa watu, mkono umenyooka mpaka kanga yenye unyevu ikamtoka begani.

"Sauti," akasema.

Na mbele ya malori, mbele ya afisa na godoro la Chilewa na wale watoto wasiohesabiwa, ikatoka sauti ambayo kila mtu Nzogole aliijua, maana ndiyo iliyowasomea matangazo kila Jumatatu:

"Sema neno lolote, Mama, ila hilo ndilo zuri zaidi. Maneno yanazipita namba zote, mashine ndivyo ilivyo."

Mguu wa Sechelela ulikuwa bado juu ya ngazi.

"Imewekwa juzi, jioni," Kumbu ikamalizia, kwa adabu, kama ilivyofundishwa.